Mwokotaji, Msakaji na Sheria ya Malikale: Kauli Kutoka Mombasa Bara

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi kadhaa vya kumkutanisha mtu na kitu kilichopotea au kilichofichika. Mtu huokota, husaka, hufukua, huvumbua. Vitenzi hivi havilingani kimaana wala kimaadili. Anayeokota hakukusudia, alikuwa katika shughuli zake na kitu kikamkuta njiani. Anayesaka ametoka nyumbani na nia yake. Anayefukua ameshika jembe, na huenda anafukua kisicho chake. Tofauti hii huijua kila mtoto wa Likoni, Kisauni na Changamwe kabla hajaingia darasani kufundishwa sarufi.

Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika namna Kenya inavyozungumza na raia wake kuhusu malikale, yaani vitu vya kale vinavyopatikana ardhini na baharini. Sheria imefanya haki kuvikabidhi vitu hivyo kwa umma. Hata hivyo, imemwachia mwokotaji wajibu mzito, imemweleza wajibu huo kwa lugha asiyoitumia, na haikumdhihirishia stahili yake. Natija yake ni kwamba kitu cha kale kina njia fupi ya kufika kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na njia ndefu mno ya kufika makumbusho.

Ardhi ya bara si tupu

Mazoea yamewafanya wengi waamini kuwa historia ya Mombasa yote imo kisiwani: Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Mji wa Kale, misikiti na makaburi yake. Bara huchukuliwa kuwa mahali pa bandari, viwanda na malazi ya wafanyakazi. Dhana hiyo haina mashiko.

Huko Mtongwe, upande wa Likoni, wataalamu kutoka Japani walifanya utafiti katika miaka ya 1980 na kuchapisha ripoti kuhusu zana za mawe za watu walioishi hapo kabla ya mji wowote kusimama katika pwani hii. Changamwe nayo ni jina la mojawapo ya makabila yanayounda Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana. Hivyo basi jina hilo ni kongwe kuliko reli na kiwanda chochote cha mafuta. Kisauni ndiko Wamisionari wa Kianglikana walikoanzisha makazi ya Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Jirani na hapo, upande wa Nyali, ndipo alipozikwa Rosina Krapf mwaka 1844, mke wa Ludwig Krapf ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882 na bado hurejelewa na wanafunzi wa Kimvita. Ukivuka mto Mtwapa kuelekea kaskazini, unayakuta magofu ya Jumba la Mtwana.

Bahari inayoitenga bara na kisiwa nayo ina yake. Mwaka 1697, Wareno wakiwa wamezingirwa ndani ya Ngome ya Yesu, meli yao Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome hiyo. Mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi wasiokuwa wanaakiolojia, nao wakatoa taarifa kwa wahusika. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu waliyafanyia uchimbaji wa kisayansi, na leo vitu vilivyotolewa humo huonekana katika makumbusho ya ngome. Mfano huu una uzito wake. Mojawapo ya hazina kubwa za Mombasa ilipatikana kwa sababu watu wa kawaida waliona kitu, wakanena.

Je, wangapi wengine wameona na wasinene? Ardhi ya bara inachimbwa kila uchao. Reli mpya iliyofika Miritini mwaka 2017 na barabara ya Dongo Kundu inayoiunganisha Changamwe na Likoni zimekata udongo ambao haukuwa umeguswa kwa karne nyingi. Mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba, visima na machimbo ya mawe ni shughuli za kila siku. Na ichukuliwe kwamba kibarua anayechimba shimo la choo huko Mtongwe amekuta kijisahani cha shaba kilichoota kutu ya kijani, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Njia zilizo wazi mbele yake ni tatu: kukitupa, kumpa mtoto akichezee, au kukitia katika gunia la vyuma kipimwe kwa kilo. Njia ya nne, ile ya sheria, haijui.

Biashara ya vyuma vikuukuu si jambo dogo katika vitongoji hivi, na wanaoitegemea si wahalifu. Wao ni vijana wanaozunguka na mikokoteni, na watu wanaochambua taka huko Mwakirunge wapate cha kuwalisha watoto. Serikali imeionyesha biashara hiyo kwamba inaweza kuidhibiti ikitaka. Ilitunga sheria mahususi mwaka 2015 inayowataka wafanyabiashara wawe na leseni, na mwanzoni mwa mwaka 2022 ikaisimamisha biashara yote kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme na reli. Nguzo ya umeme ilipoanguka, taifa zima lilishtuka. Nanga au mzinga wa karne ya kumi na saba ukiyeyushwa, hapana taa inayozimika, na kwa hiyo hapana anayeshtuka.

Sasa imeongezeka mashine. Kitambuzi cha metali, kile kifaa ambacho wengi wanakijua kutoka milango ya mahakama na maduka makubwa, kina ndugu yake anayebebwa mkononi na kupitishwa juu ya mchanga hadi kilie. Katika nchi nyingine kimekuwa chombo cha starehe ya mwisho wa juma. Chombo hiki hakioni jiwe la Mtongwe, hakioni kigae wala shanga. Huona metali tu, na humwita mtu achimbe pale pale ilipolala. Anayekitumia bila idhini, kwa lengo la kutafuta mali iliyofukiwa, si mwokotaji tena. Ni msakaji.

Sheria inavyosema

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 ndiyo inayosimamia jambo hili nchini Kenya. Misingi yake mitatu yafaa ijulikane na kila mkazi wa pwani. Kwanza, malikale iliyomo ardhini, au inayogunduliwa baada ya sheria hiyo kuanza kutumika, ni mali ya Serikali. Pili, hapana mtu anayeruhusiwa kutafuta malikale iliyofukiwa, kwa kuchimba au kwa shughuli za juu ya ardhi, pasipo leseni. Na katazo hilo halihusu magofu yaliyohifadhiwa pekee, bali hata shamba la kawaida. Kwa hiyo, ingawa wengi hudhani mashine haichimbi na hivyo haina kosa, msako wa mashine nao umo ndani ya uzio wa sheria. Tatu, mtu akigundua kitu cha aina hii, ana siku saba za kutoa taarifa na kueleza mahali hasa alipokipata.

Sheria hiyo inakifasili kitu cha malikale, kando na vitabu na hati, kwa kukipa mpaka wa tarehe: kiwe kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii. Msomaji wa fasihi, aliyezoea kuuliza nani anasimulia na anaanzia wapi, hatakosa kuona kwamba mpaka wa ukale wetu umepigwa pale utawala wa wengine ulipoanza. Vita vya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui dhidi ya Waingereza vilianza mwaka 1895 na kumalizika mwaka 1896. Kwa kipimo cha tarehe peke yake, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya vita hivyo kinaweza kubaki nje ya fasili, ilhali ndicho kinachosimulia upinzani wa pwani.

Kuna kasoro nyingine iliyo nyepesi kuiona. Sheria ilipotungwa ilimtaja mkuu wa wilaya kuwa mmoja wa wanaoweza kukabidhiwa kitu kilichogunduliwa. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ianze kutekelezwa, muundo wa utawala umebadilika na mamlaka yamegawanywa upya kati ya Serikali ya Taifa na kaunti. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa Serikali ya Taifa, huku makumbusho ya mahali yakitajwa miongoni mwa kazi za kaunti. Mwokotaji wa Changamwe hawezi kulaumiwa akishindwa kujua abishe mlango gani.

Si tamaa peke yake

Maafisa na wasomi wana desturi ya kueleza ukimya wa waokotaji kwa neno moja: tamaa. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Watu wa pwani wanazo kanuni zao za umiliki wa vitu vilivyookotwa, na kanuni hizo zina umri mrefu kuliko Bunge la Kenya.

Katika fikihi ya Kiislamu, na hasa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, hazina ya dhahabu au fedha iliyofukiwa tangu zama za kabla ya Uislamu huitwa rikazi. Akiipata mtu katika ardhi isiyo na mwenyewe, humlazimu kutoa khumsi, yaani sehemu moja katika tano, na kinachobaki ni chake. Ikiwa mali hiyo ina alama ya Kiislamu, hukumu hubadilika: huwa ni lukata, kitu kilichopotea ambacho mwenyewe hajulikani, na aliyekiokota hupaswa kukitangaza kwa muda wa mwaka mmoja. Wamijikenda nao, majirani na jamaa wa Waswahili katika bara hii, huviona baadhi ya vitu kuwa ni vya koma, yaani mizimu ya waliotangulia, na si halali ya aliye hai kuvihamisha. Wizi wa vigango, vile vinyago vya ukumbusho vilivyong'olewa makwao na kuuzwa ng'ambo, umeonyesha mwisho wa kuivunja kanuni hiyo. Viwili kati ya vigango hivyo, vilivyoibwa katika boma moja la Kilifi katika miaka ya 1980, vilipatikana katika makumbusho mawili ya Marekani, na ilihitajika jitihada ya miaka mingi hadi kimoja kikarejeshwa Kenya mwaka 2007.

Kanuni hizi zinatofautiana na sheria ya dola, lakini zinakubaliana nayo katika nguzo muhimu. Zote zinakataa kwamba kila kilichookotwa ni cha aliyeokota bila masharti. Zote zinadai kitu kitangazwe au kiheshimiwe. Sheria ya 2006 ingeweza kujengwa juu ya nguzo hiyo, ikaeleweka msikitini na kayani kama inavyoeleweka mahakamani. Badala yake imesimama peke yake.

Sarafu kama matini

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Sarafu za kale za pwani ni matini. Sarafu za masultani wa Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu, na maneno ya uso mmoja hufanya vina na maneno ya uso wa pili, jina la sultani likiitikia sifa ya Mwenyezi Mungu. Ni utungo mdogo wenye pande mbili, uliopita mikononi mwa wachuuzi na mabaharia. Mwanafunzi anayefundishwa vina na mizani katika ushairi asiyejua kwamba vina vilikuwa vikinunua samaki sokoni karne nyingi zilizopita amepungukiwa.

Matini hiyo ina muktadha, na muktadha wake ni udongo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wanaakiolojia walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Kwa kuwa dinari zile zilikuwa na tarehe, na kwa kuwa zote zilikutwa mahali pamoja, iliwezekana kujua kwamba sarafu za fedha zilizotengenezwa hapa kwetu ni za karne ya kumi na moja. Lau msakaji mwenye mashine angetangulia, dhahabu ingeuzwa upande wake na fedha upande wake, na historia hiyo isingeandikwa kamwe.

Mfano wa pili watoka mbali zaidi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo. Baadaye ilibainika kwamba tano kati yake ni za Kilwa. Namna zilivyofika huko bado inazungumzwa na wataalamu. Kinachowawezesha kuizungumza ni kwamba mwokotaji huyo alitia alama katika ramani kuonyesha alipozipata. Alama moja ya kalamu ilitosha kuzigeuza sarafu za mfukoni zikawa ushahidi.

Chanda chema

Waingereza, ambao sheria zao nyingi tulizirithi, wamelishughulikia suala hili kwa njia inayostahili kuzingatiwa. Sheria yao ya Hazina ya mwaka 1996 humtaka mgunduzi atoe taarifa katika muda wa siku 14. Makumbusho ikikitaka kitu, thamani yake hukadiriwa na tuzo hulipwa, aghalabu ikigawanywa kati ya mgunduzi na mwenye shamba. Mwaka 2009 mtu aliyekuwa akitembeza kitambuzi katika shamba huko Staffordshire aligundua lundo kubwa la dhahabu la karne za kale. Lilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 3.285, na yeye na mkulima wakagawana. Kwa upande mwingine, wawili walioficha hazina waliyoipata Herefordshire mwaka 2015 walihukumiwa kifungo mwaka 2019.

Haifai kuunakili mfumo huo jinsi ulivyo. Kenya haina pauni milioni tatu za kutuza, na kuufungulia mlango msako wa starehe katika nchi yenye wanaakiolojia wachache ni kuialika nyumba iibiwe. Kilicho cha kujifunza ni kanuni iliyomo ndani yake: anayenena apate, anayeficha aadhibiwe. Wahenga wamesema kwamba chanda chema huvikwa pete. Mwokotaji wa bara hapewi pete wala haambiwi kuwa ana chanda chema.

Watakuwapo wanaopinga wakisema kwamba tuzo itawageuza waokotaji kuwa wasakaji. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika vitenzi vilivyotajwa mwanzoni. Tuzo itolewe kwa aliyeokota katika shughuli halali: kibarua, mvuvi, mkulima, mchambua taka. Isitolewe kwa aliyesaka bila leseni, hata akileta dhahabu tupu. Tena tuzo isipimwe kwa bei ya kitu sokoni, ila kwa ubora wa taarifa: je, kitu kimeachwa mahali pake, na je, mahali hapo pamejulikana? Akilipwa mtu kwa ajili ya muktadha, hatakuwa na sababu ya kuuharibu. Na si lazima tuzo iwe fedha nyingi. Jina la mwokotaji likiandikwa chini ya kitu chake katika makumbusho, kwa Kiswahili, mahali ambapo wanawe wanaweza kulisoma, hilo nalo ni malipo. Kadhalika, mnunuzi wa vyuma mwenye leseni aelezwe anachopaswa kukiweka kando, na asipate hasara kwa kukiweka.

Wapo pia watakaosema kwamba kitu kikishapelekwa, huondoka na hakirudi. Malalamiko haya ndiyo mazito zaidi. Bara ya Mombasa ina wakazi wengi kuliko kisiwa, lakini ili mtoto wa Shika Adabu aone kilichochimbwa nyuma ya nyumba yao hana budi kwenda kisiwani. Kwa kuwa Katiba imezipa kaunti kazi ya makumbusho, chumba kimoja chenye kufuli na kabati la kioo katika kila eneo la bara si ndoto ya kupita kiasi. Umiliki wa dola hauzuii kitu kukaa karibu na kilipozaliwa upya.

Kazi ya wanakiswahili

Hatimaye, yapo mambo ambayo hayamsubiri waziri wala gavana. Kifungu cha saba cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Pamoja na hayo, sheria ya malikale imeandikwa kwa Kiingereza, na anayetakiwa kuitii ndani ya siku saba ni mtu anayeota ndoto zake kwa Kiswahili, Kidigo au Kigiriama. Hata istilahi bado hazijatulia. Tanzania imezoea kusema malikale. Kenya husikika turathi, vitu vya kale na athari za kale, kila neno likibeba maana yake. Lipi ni la kitu kinachohamishika, na lipi ni la jengo? Leseni ya utafiti iitweje ili isichanganywe na leseni ya biashara? Haya ni maswali ya isimu, na wa kuyajibu wako katika idara za Kiswahili, si katika idara za akiolojia.

Muhtasari wa sheria katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaweza kuandikwa na wanafunzi wa mwaka wa pili wakisimamiwa na wahadhiri wao, kisha ukathibitishwa na wanasheria na maafisa wa makumbusho. Ukabandikwa kwa chifu, kwenye bandari ndogo za wavuvi, katika maghala ya vyuma, misikitini na makanisani. Useme mambo manne tu: usikisafishe, usikihamishe bila sababu, kumbuka ulipokiona, mwambie fulani. Na huyo fulani atajwe kwa cheo chake cha leo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasomi wamezoea kuinama juu ya vitabu, nayo ni kazi njema. Lakini kibarua wa Mtongwe ameinama juu ya shimo muda huu, na kijisahani cha kijani kinaweza kuwa mkononi mwake kabla ya magharibi. Atakachofanya nacho kitategemea kama kuna mtu aliyewahi kumweleza, kwa lugha yake, kwamba alichokiokota kina maandishi.